Kufunga alamu ya wezi na kusaka hitilafu zake kwa mita

Alamu ikilia bure mara tatu kwa wiki, ya nne hakuna anayeinuka kitandani. Mwenye nyumba anaacha kuitega, majirani wanaizoea kama mbwa anayebwekea upepo, na siku mwizi anapokuja kweli anakuta mtego umeteguliwa na wenyewe. Kukiliza king'ora hata mtoto anaweza. Ugumu uko kwenye kukinyamazisha kwa haki: kisilie kwa pazia, panya, jua wala umeme uliokatika, halafu kilie mlango unaposukumwa saa tisa usiku. Sehemu kubwa ya ugumu huo humalizwa siku ya kufunga. Iliyobaki humalizwa kwa mita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia volti na omu, si kwa kununua sensa nyingine.

Ninayoeleza hapa ni ya mfumo wa waya wa volti 12: paneli (kisanduku kikuu kinachosoma sensa na kuliza king'ora), kibao cha namba cha kutegea na kutegua, sensa za mwendo, swichi za sumaku na king'ora cha nje. Mifumo isiyo na waya nitaigusa baadaye.

Zunguka nyumba kabla ya kutoboa ukuta

Siku ya kwanza acha drili kwenye begi. Zunguka nje ukijiuliza ungeingilia wapi kama ungekuwa huna ufunguo: mlango wa nyuma usioonekana barabarani, dirisha la chooni, paa la gereji linalopandika. Kisha ingia ndani na ujiulize swali la pili: mtu akishapita hapo, lazima akanyage wapi? Karibu kila nyumba ina korido au sebule isiyokwepeka. Sensa moja ya mwendo hapo hufanya kazi ya tatu zilizotundikwa ovyo.

Chora ramani kwa mkono, kila kifaa na namba ya zoni yake, yaani njia ya nyaya ambayo paneli huisoma peke yake. Kadiri inavyowezekana, zoni moja iwe na kifaa kimoja. Ni kweli swichi za madirisha manne zinaweza kufungwa mfululizo kwenye zoni moja, na paneli ya zoni 8 huenda ikakulazimisha kufanya hivyo, lakini hilo ni deni: siku ya hitilafu utalilipa kwa kupanda ngazi mara nne.

Paneli ikae ndani ya eneo linalolindwa, stoo au kabatini, mahali pasipo na joto. Usiiweke darini chini ya mabati, kwa sababu joto huua betri mapema. Kibao cha namba kiwe karibu na mlango wa kuingilia, lakini mtu aliyesimama nje asiweze kukisoma kupitia kioo.

Sensa ya mwendo

Sensa hii, ambayo mafundi huiita PIR, haitoi mwale wowote. Inapokea tu joto linalotoka kwenye miili. Lenzi yake ya plastiki hukigawa chumba katika vipande kama vidole vilivyotanuliwa, na ndani yake kuna kipokezi chenye nusu mbili. Mtu anapokatiza kutoka kidole kimoja hadi kingine, nusu moja hupata joto kabla ya mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo inayofyatua alamu.

Ukilielewa hilo, mengine yanajieleza. PIR humwona vizuri anayekatiza mbele yake, na humwona kwa shida anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo usiitazamishe na mlango uso kwa uso. Iweke konani ili anayeingia alazimike kukatiza. Na kwa kuwa inasoma mabadiliko ya joto, chochote kinachobadilisha joto haraka kitaidanganya: jua linaloingia na kutoka mawinguni, kiyoyozi, hita, pazia linalopeperushwa na feni. Buibui anayetembea juu ya lenzi, kwa macho ya sensa, ni jitu.

Urefu wa kawaida ni mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Ukiipandisha juu zaidi ili isifikiwe na mikono, unaacha uwazi chini yake ambamo mtu anaweza kupita. Usiielekeze dirishani. Kioo hakipitishi joto la mwili wa binadamu, kwa hiyo usimwahidi mwenye nyumba kwamba sensa ya sebuleni itamwona mtu bustanini. Lakini jua linalopenya kioo na kupiga zulia litakusumbua kila siku. Tundu ulilopitishia waya nyuma ya sensa lizibe kwa silikoni, maana upepo unaotoka ukutani na sisimizi wote hupenda njia hiyo.

Nyumba yenye paka au mbwa mdogo inahitaji sensa iliyotengenezwa kuvumilia wanyama. Uvumilivu huo huisha pale paka anapopanda juu ya kabati. Kwenye gereji au ghala lenye hewa inayocheza, tumia sensa ya pande mbili, yenye PIR na mikrowevu (mawimbi ya redio yanayohisi mwendo) pamoja, ambayo hailii mpaka zote mbili zikubaliane. Punguza tu nguvu ya mikrowevu iishie ndani ya chumba: ina tabia ya kupenya ukuta mwembamba, na hata maji yanayotiririka kwenye bomba la plastiki huyaona kama mwendo.

Swichi za sumaku

Hizi ni rahisi. Swichi yenye waya inakaa kwenye fremu, sumaku kwenye mlango, upande unaofunguka na si kwenye bawaba. Mlango ukifungwa, nafasi kati yao iwe milimita chache tu, hata kama pakiti inasema swichi inavumilia 15 au 20. Kwenye mlango wa chuma nunua aina yake maalumu, kwa kuwa chuma hunyonya nguvu ya sumaku. Mlango ukicheza ndani ya fremu, rekebisha mlango kwanza. Nimeona zoni inayolia kila alasiri, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameshabadilisha swichi mara mbili. Swichi haikuwa na kosa. Mlango wa chuma ulikuwa ukipigwa na jua, unatanuka, na sumaku inasogea nje ya mpaka wake. Kipande cha plastiki cha kuisogeza sumaku mbele kilimaliza kazi.

Nyaya

Kebo ya alamu ya nyaya sita za 0.22 mm² inatosha kwa sensa: mbili za umeme, mbili za alamu, mbili za tampa, ile swichi ndogo inayolalamika kifuniko kikifunguliwa. Ukifunga rezista mbili (vipande vidogo vinavyozuia umeme kwa kiasi kinachojulikana), kama nitakavyoeleza, alamu na tampa hupita kwenye jozi moja na nyaya mbili hubaki akiba. Usiipitishe sambamba na nyaya za umeme mkubwa. Zikilazimika kukutana, zikatizane kwa pembe mraba. Acha akiba ya sentimita 30 kila mwisho.

King'ora ndicho kinachowaumbua wavivu wa hesabu. Uzi wa shaba wa 0.22 mm² una ukinzani, yaani kiasi unachozuia umeme, wa karibu omu 0.08 kwa kila mita. King'ora kikiwa umbali wa mita 50, kwenda na kurudi ni mita 100, yaani omu 8. Kikivuta milliampea 400, volti 3.2 zinapotea njiani, na kati ya 13 zilizotoka kwenye paneli zinafika chini ya 10. Kitalia kwa sauti ya mgonjwa, au kitawasha taa tu. Funga nyaya mbilimbili kwa kila upande, upotevu unakuwa nusu, au tumia kebo nene.

Na viungo: kila kiungo ndani ya kisanduku cha viungo, kimechomelewa risasi au kimebanwa kwa kibanio cha gundi. Kusokota na kufunika kwa utepe ni kupanda mbegu ya hitilafu itakayoota msimu wa mvua.

Rezista zinazosema ukweli

Mwaka 1853 Augustus Pope, karibu na Boston, alipewa hataza ya alamu ya umeme ambayo mlango ukifunguliwa saketi (mzunguko wa umeme) inaunganika na kengele inalia. Mwizi mwenye mkasi alikuwa na jibu rahisi: kata waya kwanza. Leo tunafanya kinyume. Umeme mdogo unazunguka kwenye zoni wakati wote wa amani, na ukikatika ndipo kelele inapoanza. Lakini mwenye akili anaweza kuunganisha nyaya mbili pamoja, akaidanganya paneli kwamba mlango bado umefungwa. Rezista zipo kwa ajili yake.

Mfumo wa rezista mbili ndio ninaoupendelea. Chukua paneli inayotaka omu 1,000 na 1,000. Kwenye sensa, rezista moja inakaa juu ya terminali mbili (skrubu za kubania waya) za alamu. Waya wa kwanza wa zoni unaingia kwenye terminali ya kwanza ya tampa. Kutoka terminali ya pili ya tampa, rezista ya pili inavuka kwenda kwenye terminali ya kwanza ya alamu. Na kutoka terminali ya pili ya alamu, waya wa pili wa zoni unarudi kwenye paneli. Matokeo yake ni haya:

- omu 1,000: shwari
- omu 2,000: sensa imefyatuka au mlango uko wazi
- hakuna njia kabisa: waya umekatwa au kifuniko kimefunguliwa
- omu 0: nyaya zimeunganishwa

Thamani hutofautiana kwa paneli: nyingine hutaka 2,200, nyingine 4,700 au 5,600. Soma kitabu chake. Na rezista zikae mwisho wa waya, ndani ya sensa. Wako wanaozifunga zote ndani ya paneli kwa sababu pana nafasi na mwanga. Paneli itaridhika, zoni zitaonyesha kijani, ila waya wote kutoka paneli hadi sensa unabaki bila mlinzi. Ukikuta kazi ya namna hiyo, usiiite imekamilika.

Umeme na betri

Upande wa umeme mkubwa, volti 220 hadi 240 au ile ya mahali ulipo, ni wa fundi umeme mwenye ruhusa. Paneli ipate njia yake yenye fyuzi, si plagi ambayo mtu ataichomoa kuchaji simu.

Ukubwa wa betri piga hesabu, usibahatishe. Tuseme paneli inakula milliampea 100, kibao 50, PIR sita za 15 kila moja ni 90, na king'ora kikiwa kimetulia 30. Jumla 270. Kwa saa 12 bila umeme ni ampea-saa 3.24, ongeza kidogo kwa ajili ya kulia kwenyewe, unakaribia 3.5. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 inatosha na inabakiza nusu kwa ajili ya uzee. Uzee upo: baada ya miaka mitatu hadi mitano betri hizi huchoka, hata kama hazikuwahi kutumika. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu yake.

Kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya kuunganisha zoni yoyote, vipe umeme vifaa na usubiri dakika moja au mbili PIR zitulie. Kisha pima kila jozi ya nyaya za zoni ikiwa imechomolewa kwenye paneli. Angalia hili, maana linawapoteza wengi: PIR isiyo na umeme huonekana kama imefyatuka, kwa kuwa relei yake, swichi ndogo ya ndani, hushikiliwa na umeme wakati wa amani. Ukipima kabla ya kuipa umeme utasoma 2,000 na utaanza kusaka ugonjwa usiokuwepo.

Namba zikikubali, zima umeme, unganisha zoni, washa umeme mkubwa, kisha betri. Paneli nyingi haziwaki kwa betri peke yake. Ukigeuza nyekundu na nyeusi, fyuzi itakuaga hapo hapo.

Kwenye programu, kwanza badilisha namba za siri za kiwandani, ya mtumiaji na ya fundi. Halafu aina za zoni. Mlango mkuu upewe muda wa kuingia, sekunde 30 kwa mfano, na wa kutoka sekunde 45 au 60. Madirisha yawe ya papo hapo. PIR ya korido inayoelekea kwenye kibao iwe zoni ya njia: inanyamaza kama mlango mkuu ndio uliofunguliwa kwanza, na inalia papo hapo kama mtu katokea dirishani. Ukiisahau hiyo, king'ora kitamlilia mwenye nyumba kila jioni akirudi kutoka kazini. Tampa ziwe za saa 24, zilinde hata alamu isipotegwa. King'ora kisilie zaidi ya dakika 15, au chini ya hapo kama sheria ya mahali inataka hivyo.

Fanya jaribio la kutembea, chumba kwa chumba, mtu wa pili akiwa kwenye kibao. Tembea kama mwizi, polepole, ukipita kando ya kuta.

Halafu ifanye kazi ambayo wengi huiruka. Chukua karatasi, andika omu za kila zoni, volti zinazofika kwenye kila PIR, volti za kuchaji betri, na tarehe. Ibandike ndani ya kifuniko cha paneli. Zoni ya 3 iliyosoma 1,006 siku ya kwanza na leo inasoma 1,090 bado inaonekana shwari kwenye kibao, lakini karatasi inakwambia kuna kiungo kinachooza.

Mifumo isiyo na waya

Faida ni kasi ya kufunga. Gharama yake ni betri na mawimbi. Usiiweke paneli ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya friji, na pima nguvu ya mawimbi kila sensa ikiwa mahali pake pa mwisho, milango yote ikiwa imefungwa. Sensa nyingi za aina hii zikishamwona mtu hulala dakika kadhaa ili kutunza betri. Anayejaribu kutembea mara ya pili hapo hapo atadhani imekufa. Toka chumbani, subiri, urudi, au tumia hali yake ya majaribio.

Inapoharibika

Weka paneli kwenye hali ya fundi kabla hujafungua chochote. King'ora cha nje kina betri yake na hulia mara tu kinapopoteza umeme au kifuniko chake kikiguswa. Zaidi ya desibeli 100 karibu na sikio, nawe uko juu ya ngazi, si mzaha.

Anza na kumbukumbu ya matukio ndani ya paneli, si na maelezo ya mwenye nyumba. Tazama zoni ipi na saa ngapi. Saa ile ile kila siku ni jua, hita au taa inayojiwasha kwa saa. Usiku wa mvua tu ni unyevu kwenye kiungo au kisanduku cha king'ora. Sekunde chache baada ya kutega ni muda wa kutoka uliokuwa mfupi, au mlango usiofungika vizuri.

Kisha chomoa zoni yenye shida na upime, ukilinganisha na karatasi ya kifunikoni. Hakuna njia kabisa: waya umekatika, mara nyingi kwa meno ya panya au msumari wa seremala. Karibu 0: nyaya zimegusana kabla ya kufika kwenye rezista. Namba inayochezacheza ukitikisa kebo: kiungo kimelegea. Na namba iliyoshuka chini ya rezista yenyewe, tuseme 700 badala ya 1,000, inamaanisha umeme umepata njia ya pembeni, na njia hiyo karibu siku zote ni maji. Hapo usibadilishe sensa. Nenda kwenye kisanduku cha viungo kilicho katikati ya njia, fungua kiungo, pima kila upande. Nusu moja itakuwa safi. Rudia kwenye nusu nyingine. Kwa zoni yenye swichi nne, ziunganishe terminali za swichi moja baada ya nyingine kwa kipande cha waya mpaka hitilafu ipotee.

Malalamiko ya "inalia umeme ukikatika" ni ya betri. Betri ya paneli imekufa, king'ora kinapoteza umeme ghafla na kinafanya kilichofundishwa: kulia. Chomoa betri, pima volti za kuchajia kwenye paneli. Ziwe kati ya 13.6 na 13.8. Zikiwa sawa, rudisha betri, zima umeme mkubwa na uache mfumo uishi juu yake nusu saa. Ikiteremka chini ya 12 ndani ya muda huo, ibadilishe. Betri iliyowahi kuachwa ikashuka chini ya volti 10.5 kwa siku kadhaa hairudi hali yake, hata ikichaji.

PIR inayofyatuka hovyo pima kwanza volti zinazoifikia wakati king'ora kinalia. Kisha fungua, futa lenzi, tafuta wadudu, kaa chumbani nusu saa uone inachokiona. Ikiwa bado hujashawishika, badilishana na sensa ya chumba kingine. Hitilafu ikiifuata sensa, sensa ni mbovu. Ikibaki chumbani, chumba kina kitu.

Paneli ikiacha kutuma ujumbe wa simu, tazama laini kabla ya kifaa: salio limekwisha, laini imefungwa kwa kutotumika, au kampuni ya simu imezima mtandao wa zamani. Kifaa cha 2G au 3G kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisiwe na mtu wa kuzungumza naye.

Hitilafu inayokataa kujitokeza ukiwepo, iweke zoni hiyo kwenye majaribio ya kimya, siku 14. Paneli itaandika kila inapofyatuka bila kuliza king'ora, na nyumba inaendelea kulindwa na zoni nyingine. Mwambie mwenye nyumba aandike na yeye: mvua, wageni, umeme kukatika, dirisha lililoachwa wazi. Ukirudi, linganisha saa za paneli na daftari lake. Zikipita siku 14 bila kitu, rudisha zoni kazini, pima omu upya, na uandike namba mpya pembeni ya ile ya zamani kwenye karatasi ya kifunikoni.